Majibu Yetu Yako Wapi?

Somo kwa mwanachuo anayetaka kuingia kwenye utafiti wa afya ya mazingira

Fildi ya mwaka wa pili ilitupeleka kwenye mtaa mmoja wa Dar es Salaam ambao wakazi wake wengi wanategemea maji ya kisima. Tulikuwa wanne, na kulboksi moja la barafu, chupa kumi na mbili zilizotakaswa, na barua iliyogongwa mihuri mpaka maandishi yakawa hayasomeki vizuri. Mama mmoja mwenye genge la nyanya na mkaa karibu na kisima alitupokea vizuri. Tukampa shikamoo, akaitikia, akatusogezea benchi. Tulipomaliza kujieleza, aliuliza swali moja tu.

"Sawa wanangu. Wale wenzenu wa mwaka jana nao walichota. Majibu yetu yako wapi?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukachota maji, tukaandika namba kwenye chupa, tukaondoka na aibu yetu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba majibu yalikuwepo. Maji yalipimwa, ripoti ikaandikwa, ikapewa alama nzuri, ikawekwa kabatini. Aliyeiandika ameshahitimu. Mama wa genge anaendelea kuuza nyanya hatua chache kutoka kwenye kisima ambacho mtu fulani, mahali fulani, anajua kina nini ndani yake, ila yeye hajui.

Tangu siku ile nimeamini kitu kimoja, nacho ndicho ninachotaka kukueleza hapa: kurudisha majibu kwa watu ni sehemu ya utafiti wenyewe, na ni ujuzi unaofundishika kama ujuzi wa maabara. Ukiujua mapema, utafanya utafiti bora, na hata nafasi za mafunzo zitakuja kwako kirahisi zaidi.

Kwanza tuelewane

Afya ya mazingira huuliza jinsi maji, hewa, udongo, chakula, taka, joto na mahali pa kazi vinavyojenga au kuvunja afya ya mtu. Ni uwanja mpana. Anayepima moshi wa mkaa jikoni yumo. Anayefuatilia zebaki kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu yumo. Anayechunguza dawa za kuulia wadudu kwenye mashamba ya nyanya yumo. Na si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani pekee ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Kabla ya kupima chochote, jizoeze kuchora mnyororo wenye pete tatu: chanzo, njia, mtu. Kwa kisima chetu, chanzo ni choo cha shimo kilicho jirani. Njia ni maji ya chini ya ardhi, kisha ndoo, kisha kikombe. Mtu ni mtoto wa miaka miwili anayekunywa bila kuuliza. Ukikosa pete moja, huna hoja. Ukizipata zote tatu, unaweza pia kuona mahali pa kuukata mnyororo: kuhamisha choo, kutibu maji ndani ya ndoo, au kumletea mtu maji mengine.

Angalia kwamba pete ya tatu, yaani mtu, haionekani kwa darubini. Inaonekana kwa kukaa kwenye benchi la mama wa genge na kuuliza nani anakunywa maji haya, nani anayafulia tu, na mvua ikinyesha mambo yanabadilikaje.

Mtu aliyesahaulika kwenye hadithi ya pampu

Kila aliyegusa epidemiolojia amelipata desa la John Snow. Mwishoni mwa Agosti 1854, kipindupindu kililipuka katika eneo la Soho, London. Snow aliona kwamba vifo vimejikusanya karibu na pampu ya Broad Street, akawashawishi viongozi wa parokia, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Zaidi ya watu 600 walikufa kwenye mlipuko ule. Hapo ndipo mhadhara wetu uliishia, na kwenye mtihani tuliulizwa hapohapo.

Lakini kuna mtu wa pili. Henry Whitehead alikuwa kasisi msaidizi wa eneo lile. Mwanzoni hakukubaliana na Snow, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akitaka kuonyesha kwamba daktari amekosea. Yeye aliwajua watu. Aliwatembelea walio wagonjwa, aliwauliza waliobaki, alirudi tena na tena. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyoanza kuamini habari ya pampu. Na ni yeye aliyemgundua mtoto mchanga wa nyumba namba 40 aliyeugua kabla ya wengi. Mama yake alikuwa akimwaga maji aliyofulia nepi kwenye shimo la maji machafu, na shimo hilo lilikuwa karibu kabisa na kisima cha pampu.

Snow alikuwa na ramani. Whitehead alikuwa na uhusiano na watu. Bila yule wa pili, pete ya kwanza ya mnyororo, yaani chanzo, ingebaki ya kukisia.

Huku kwetu, Whitehead wako ni mjumbe wa nyumba kumi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na bwana afya wa kata. Mwanafunzi anayewaona hawa kama watu wa kugonga muhuri tu amejinyima nusu ya utafiti wake.

Watu wakianza kuuliza wenyewe

Kuna wakati mambo hugeuka, jamii ikawa ndiyo inayouliza kwanza na watafiti wakafuata. Mfano wa karibu ni Owino Uhuru, mtaa wa wakazi wa kipato cha chini Mombasa, ambako kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido aliwahi kuajiriwa hapo. Mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha ana sumu ya risasi mwilini. Omido hakuwa mwanasayansi. Alianza kuhimiza watoto wengine wa mtaani wapimwe damu, na majibu ya vipimo yakawa ndiyo nguvu ya madai yao.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 Omido alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya safari ndefu ya rufaa, Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha fidia hiyo Desemba 2024.

Hebu fikiria kama vile vipimo vya damu vingeishia kabatini. Kipimo ni kilekile, maabara ni ileile, lakini kesi isingekuwepo. Majibu yakiwa mikononi mwa wahusika yanaweza kutembea mpaka mahakamani. Yakiwa kwenye shelfu la idara hayafiki popote.

Kupima vizuri ni heshima

Simaanishi kwamba moyo mzuri unatosha. Ukirudisha jibu la uongo umewadhuru watu mara mbili. Kwa hiyo jifunze kupima, tena kwa ukali.

Kwa maji ya kunywa, WHO inataka pasiwepo bakteria hata mmoja wa E. coli katika mililita 100. Lakini bakteria ni viumbe hai: sampuli ikikaa kwenye joto la daladala mchana kutwa, unachopima jioni si kile kilichokuwa kisimani asubuhi. Ndiyo maana ya barafu, na ndiyo maana inashauriwa sampuli ifike maabara ndani ya saa 6, na isizidi 24. Kikundi chetu kilitupa chupa tatu kwa sababu ya foleni. Iliuma, lakini tulizitupa.

Kwa hewa, siku hizi kuna vipimahewa vya bei nafuu vinavyoshikika mkononi. Ni vizuri, ila vingi hupima kwa mwanga, na unyevu mwingi wa pwani unaweza kuvifanya vione vumbi kuliko lililopo. Lazima uviweke kwanza kando ya mashine ya uhakika, ulinganishe, ndipo uviamini. Vumbi linalosumbua zaidi ni lile lenye upana wa chini ya mikromita 2.5, dogo mno kuliko unene wa unywele, linaloingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kuwa mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu tunalikosea tukifika kwenye mkutano wa mtaa: ushauri lazima ulingane na sumu. "Chemsheni maji" ni ushauri sahihi kwa E. coli. Kwa floraidi ni ushauri mbaya. Pande za Meru na Arusha kuna maji meupe, matamu, yasiyo na harufu, yenye floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambayo ndiyo kiwango cha WHO. Ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Ukiyachemsha, maji yanapungua na floraidi inabaki palepale, tena imekolea zaidi. Risasi nayo haiondoki kwa moto. Anayehubiri kuchemsha kila mahali hajui alichokuja kupima.

Maneno yanayotuangusha

Sehemu hii hakuna aliyenifundisha darasani, nimejifunza kwa kuumbuka.

Neno la kwanza ni "chanya". Mwenzetu mmoja alisimama mbele ya watu akasema, "Majibu ya kisima chenu ni chanya." Watu wakapiga makofi. Kwao chanya ni habari njema. Ilibidi bwana afya ainuke kueleza kwamba maana yake ni kuwa kinyesi kimeonekana kwenye maji.

Neno la pili ni "risasi". Ukimwambia mzazi kwamba mtoto wake ana risasi kwenye damu, atafikiria bunduki. Sema "madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari."

La tatu ni "usijali, ni kiwango kidogo." Kidogo kwa nani? Kwa madini ya risasi, WHO inasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kama hujui uzito wa namba, usimpoze mtu kwa maneno ya mdomoni. Mwambie kipimo kimeonyesha nini, kinalinganishwa na nini, na nani wa kumwona.

Na la mwisho: usifike mkutanoni na slaidi. Nenda na karatasi moja kwa herufi kubwa, yenye mambo manne: tulipima nini, tumeona nini, maana yake nini kwako, na ufanye nini kuanzia leo. Isome kwanza kwa mtu asiyesoma kozi yako. Mimi humsomea dada anayeuza chipsi nje ya hosteli. Akikunja uso, naandika upya.

Wapi pa kujifunzia

Sasa swali la kila mtu: nafasi ziko wapi? Nitakupa ngazi nne, kuanzia ile unayoweza kuikanyaga wiki hii.

Ya kwanza ni hapahapa chuoni. Walimu wengi wana miradi inayohitaji mikono: kuingiza data, kubeba vifaa, kutafsiri dodoso kwa Kiswahili kinachoeleweka. Usisubiri tangazo. Mfuate mwalimu na swali la kweli kuhusu kazi yake, umwambie una saa ngapi kwa wiki. Pia nenda ofisi ya kata, mwombe bwana afya umfuate siku moja ya ukaguzi. Siku hiyo moja itakufundisha mambo ambayo muhula mzima haufundishi, na nauli yake haiwezi kumaliza boom lako.

Ya pili ni maadili ya utafiti. Kozi za awali za maadili zipo mtandaoni bila malipo, unasoma kwa muda wako na unapata cheti. Jua pia njia ya vibali: kamati ya maadili ya chuo chako, na kwa tafiti za afya za ngazi ya taifa Tanzania Bara, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Baada ya hapo barua inashuka mkoa, wilaya, kata, mtaa. Anza mapema, maana fildi nyingi zinachelewa kwenye mihuri.

Ya tatu ni masomo ya juu na taasisi za ndani. Chuo Kikuu cha Muhimbili kina masomo ya sayansi ya afya ya mazingira. Chuo Kikuu Ardhi kina uhandisi wa mazingira. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950, imeshirikiana na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha kufundisha shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya jamii. Ni kutoka Nelson Mandela hiyohiyo ambako Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia aliyekulia kwenye shida ya maji machafu, alitengeneza chujio la maji linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali husika, akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015.

Ya nne ni kanda. Pale Makerere, Kampala, mradi wa AirQo ulioanza 2015 umeunda vipimahewa vinavyostahimili vumbi na kukatika kwa umeme, vingine vikafungwa kwenye bodaboda, na takwimu zake huwekwa wazi ili mwananchi aone hewa ya mtaani kwake. Wanaohitajika pale si madaktari tu. Wapo wa kompyuta, wa umeme, na wa kuzungumza na jamii. Mwaka huohuo wa 2015, taasisi za afya za serikali ya Marekani zilianzisha vituo vya mafunzo viitwavyo GEOHealth. Kituo cha Afrika Mashariki kiliongozwa na Chuo Kikuu cha Addis Ababa pamoja na Chuo Kikuu cha Southern California, kikihusisha pia Kenya, Uganda na Rwanda. Ufadhili wa aina hii hufunguka na kufungwa, kwa hiyo soma matangazo mara kwa mara, na usijenge maisha yako yote juu ya mfadhili mmoja.

Ukiandika barua ya maombi, acha zile sentensi za "nina shauku kubwa tangu utoto." Andika mambo matatu: kitu ulichowahi kupima kwa mikono yako, kosa ulilofanya na ulivyolirekebisha, na nani alipokea majibu. Hilo la tatu ndilo wengi hawana.

Na kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, nina ombi. Kila tarehe 26 Septemba, Siku ya Afya ya Mazingira Duniani, tusiishie kwenye fulana, soda na picha. Siku hiyo iwe ya kurudisha majibu. Kila kikundi cha fildi kiende mtaa kilikopima, na karatasi yake moja.

Turudi kisimani

Kikundi chetu kilirudi. Ilichukua wiki saba. Msimamizi alisita mwanzoni, akihofia tutazua taharuki, na alikuwa na haki ya kuhofia. Tukakubaliana majibu yapitie kwa bwana afya, na yeye awepo. Mkutano ulifanyika Jumamosi chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa. Tukasema ukweli: kisima cha genge kina E. coli, kile cha upande wa pili hakikuonyesha siku tulizopima.

Mama wa genge alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena. "Mnasema tuchemshe. Mkaa wa kuchemsha ndoo moja kila siku ni shilingi ngapi? Na moshi wake nao si mnasema unaua?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi yetu. Bwana afya akaeleza habari ya dawa ya klorini, jinsi ya kuitumia na wapi inapatikana, na kwamba maji ya kufulia hayahitaji kutibiwa. Wengine waliridhika, wengine hapana. Mzee mmoja alisema klorini inaharibu ladha ya chai. Habari ya choo kilicho karibu na kisima iliachwa kwa kikao kingine, maana mwenye choo hakuwepo.

Hatukutatua tatizo. Lakini nakala ya majibu ipo kwa mwenyekiti, kwenye daftari la mtaa, ikiwa na tarehe na jina la kikundi. Mwaka ujao wenzetu wa mwaka wa pili wakifika pale na kulboksi lao, wataulizwa swali lilelile. Safari hii waanze kwa kulifungua daftari.